Safari Mbili za Kaya

Kahindi mwanangu,

Jioni hii ulipokuwa unakunja mashati yako ulisema, bila kuinua uso, kwamba ukifika Nairobi ukasikia lolote kuhusu babu yako Tsawe, hutaendelea na safari ya Eldoret, utapanda basi la kurudi. Niliinuka nikaenda kuosha sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. Nimechoka, baba, na mtu aliyechoka hajibu vizuri kwa mdomo. Ndiyo maana nimetafuta kalamu.

Mambo ya blanketi, chakula na baridi ya huko sitayaandika. Wewe ni mtu mzima, na Eldoret ina maduka.

Nataka kukuandikia juu ya zile safari mbili za kaya, kule msituni kwa wazee wetu. Tangu siku zile mimi na wewe tumezungumza juu ya mabati ya Tsawe, juu ya polisi, hata juu ya kuku waliopotea, lakini kaya tumeizunguka tu kama kidonda. Na mimi nikikutazama naona ni safari ile ya kwanza iliyokukalisha Vitengeni mwaka mzima, ukilinda mji wa babu yako, huku nafasi yako ya chuo ikichukuliwa na mtu mwingine. Sasa chuo kimekuita tena. Sitaki ulipeleke jambo hili hadi darasani likiwa nusunusu.

Unajua lilivyoanza, lakini nitaliandika nilivyoliona mimi. Mtoto wa mjomba wako Charo, Mbeyu, alishikwa na homa akafariki. Kabla ya hapo alikuwa amekula muhogo wa kuchoma kwa Tsawe. Hilo tu. Watoto wote wa pale walikula muhogo kwa Tsawe, hata wewe umekulia muhogo ule. Lakini matangani mtu mmoja akanong'ona neno uchawi, na mwingine akaongeza chumvi, mpaka ikawa si mnong'ono tena. Charo si mtu wa kuja, ni mtoto wa ndugu yake Tsawe, tumekulia mji mmoja, tumechapwa kwa fimbo moja. Nilipokwenda kumpa pole hakunipa mkono.

Nywele za Tsawe zilikuwa nyeupe zote. Upande ule wa kwetu siku hizi mvi ni hatari, hasa kama mwenye mvi ana shamba zuri. Akaanza kupaka rangi nyeusi, wewe ndiye uliyekuwa ukimpaka, na mimi ndiye niliyekuwa nikiinunua hapa Gede nikijifanya ni yangu. Kila nikimwona na kichwa kile cheusi tititi na uso wake wa miaka themanini nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Wenzangu wa kanisani waliniambia tuombe. Tuliomba kwa moyo wote. Mawe waliyomrushia usiku yakaendelea kuanguka kwenye bati lake. Ndipo yeye mwenyewe akasema, "Nipelekeni kaya. Nikaseme pale, na Charo awepo." Mimi nilizaliwa Mgiriama lakini sikuwa nimekanyaga kaya maishani mwangu. Nilijua tu tulichofundishwa utotoni: kwamba ni msitu lakini si msitu wa kuni, kwamba walikaa humo wazee wetu wa kwanza, kwamba hukati fito wala hutoki na jani, na kwamba hakuna anayesimama mle ndani akasema uongo. Hilo la mwisho ndilo alilolitaka Tsawe.

Basi familia yetu, ambayo haijawahi kwenda pamoja popote isipokuwa kwenye mazishi, ikafanya safari. Baba yako aliazima ile Probox ya rafiki yake wa Marereni, inayobeba magunia kutoka kwenye mashamba ya chumvi. Chumvi ilikuwa hadi kwenye mikanda. Tulipofika Ganze nguo zetu zote zilikuwa na mabaka meupe mgongoni, na mdogo wako Sidi alikuwa ametapika kwenye mfuko niliouweka kwa ajili ya vitafunio. Tukamchukua Tsawe Vitengeni, tukamkalisha mbele, tukashika njia ya Bamba. Alikuwa amevaa shati jeupe. Jua lilipopanda jasho likaanza kumtoka, na ile rangi ikateremka shingoni ikaingia kwenye kola. Nilikuwa nyuma yake, nikawa namfuta kwa ncha ya leso, naye akawa ananiachia kama mtoto.

Ni Sidi aliyeuliza. "Tsawe, kwani wewe ni mchawi?"

Tsawe akageuka polepole. "Mjukuu wangu, ningekuwa mchawi, gari hili lingekuwa na kiyoyozi."

Baba yako alicheka mpaka akasimamisha gari kando ya barabara. Wewe ulicheka ukajigonga kichwa kwenye dirisha. Nakuambia, Kahindi, ile ndiyo furaha yangu ya mwisho niliyoipata bila kuwa na hofu ndani yake. Huwa nairudia ninaposhona.

Pale mwanzo wa njia ya kaya wazee walitupokea vizuri. Tukaambiwa tuvue viatu, saa na kofia, tujifunge kaniki, simu tuziache garini. Charo alikuwa ameshafika kwa pikipiki na vijana wawili, wana wa kaka yake. Kila mtu alitii. Hata wale vijana walitii. Mimi niliificha simu yangu kwenye fundo la leso, ndani ya kaniki.

Unakumbuka ile grupu ya ukoo, jinsi nilivyokuwa nikiamka na kuisoma kabla sijanawa uso. Walikuwa wakiandika mle ndani mambo juu ya baba yangu ambayo hata mbwa hasemwi. Nilitaka niwatupie sauti yake akiapa, wote waisikie, wanyamaze mara moja. Nilijiona mjanja. Nilibonyeza kurekodi tukiwa tunaingia, tukiwa tumeinamisha vichwa chini ya matawi, na hata sikuitazama ile miti. Watu wote hawa wanaoililia kaya, na mimi nilipita ndani yake nikiwa nawaza kama simu ina chaji ya kutosha.

Tsawe aliletewa maji kwenye kifuu. Akayashika. Alikuwa ameanza tu, amesema jina lake na la baba yake na la baba wa baba yake, ndipo yule mteja wangu wa Watamu akapiga simu kuulizia gauni lake la harusi.

Bado nauota ule mlio, Kahindi. Wimbo wa kwaya, kwa sauti ya juu kabisa, kutoka kiunoni kwangu. Nilishindwa hata kulifungua fundo.

Yule mzee mkubwa hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Mama, maneno haya ulitaka kuyapeleka wapi?"

Nikasema, "Kwa watu."

Akaonyesha Charo kwa mkono. "Mtu mwenyewe huyu hapa, amekuja kwa miguu yake kusikiliza. Hao wengine ni wa nini?"

Leo naona nilichokifanya. Charo, kwa chuki yake yote, alikuwa amesimama pale peku, masikio wazi, tayari kusikia. Mimi nilikuwa nazungumza na watu ambao hawakuwepo. Nimeishi hivyo muda mrefu, mwanangu. Nimegombana na baba yako nikiwaza majirani watasemaje. Nimekuchapa wewe mbele ya wageni kwa kosa ambalo tungekuwa peke yetu ningelicheka. Ukiwa huko mbali, ukijikuta unatetea jambo, tazama kwanza kama mtu unayemwambia yuko mbele yako. Mimi hilo nilijifunza nikiwa nimesimama peku na simu inalia.

Wazee wakasema maneno yamekatika. Kama yamekatika hayajasemwa, na pale pamechafuka. Tutoke wote, turudi Jumwa ijayo, ile siku ya kupumzika ya wiki yetu ya Kigiriama, na kuku mweusi wa kupasafisha, na mimi nisiingie tena. Haikuwa hukumu kali. Lakini tulipofika kwenye gari mmoja wa wale vijana alikuwa tayari ana simu sikioni, nikamsikia kwa masikio yangu: "Kaya imemkataa mzee! Imemtoa nje!"

Habari ilitutangulia Vitengeni. Tulikuta watu wamesimama kando ya njia wakitutazama tu, na wewe unajua kutazamwa kule kulivyo. Baba yako akasema tupitilize, tumlete Tsawe Gede moja kwa moja. Tsawe akakataa kata kata. "Nikihama leo nimekiri," akasema. Akashuka na fimbo yake.

Na wewe ukashuka upande wa pili.

Nilikuita. Nilikuamuru kama mama. Ulinitazama kupitia dirishani ukasema, "Mama, nyinyi nendeni. Wakichoma nyumba, watuchome wote wawili." Ukaufunga mlango taratibu, hukuubamiza, na nadhani hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimekikumbatia kiti chako kitupu. Sidi alilala juu ya mapaja yangu. Baba yako hakunilaumu hata kwa neno moja, na natamani angenilaumu.

Siku za kungoja Jumwa sikuziishi. Nilishona mkono wa gauni ndani nje, nikaufumua, nikaushona tena vilevile. Grupu niliifuta kwenye simu. Nilikuwa nakupigia kila baada ya muda, na wewe ulikuwa unajibu neno moja, "Tupo." Nimelipenda neno lile kuliko mashairi yote.

Safari ya pili mimi nilibaki nje, pale penye njia, nikawa mlinzi wa viatu. Viatu vyenu vyote vilikuwa mbele yangu: makubadhi ya Tsawe ya mpira wa gari, mabuti ya baba yako yenye chumvi, raba zako. Na ndala za Charo. Kamba ya upande mmoja ilikuwa imekatika ikafungwa kwa waya, na waya ulikuwa umepinda ukaelekea ndani, unakochoma mguu. Nilizitazama muda mrefu maana sikuwa na kingine cha kutazama. Nikawaza kwamba amezivaa hizi siku ya kumzika Mbeyu, akarudi nazo nyumbani, akalala, akaamka, akazivaa tena. Nilikuwa nimemchukia kwa bidii kubwa, na sikuwahi kumhurumia hata mara moja. Nilichukua jiwe nikaupondaponda ule waya mpaka ukalala.

Sikusikia aliyoyasema Tsawe. Sauti haikufika. Mlipotoka yeye alikuwa ameegemea bega lako, na wazee nyuma yenu walikuwa wakizungumza mambo ya mvua na mahindi, nikajua mambo yameisha salama. Charo alitoka wa mwisho, macho mekundu. Akavaa ndala zake. Akasimama kidogo.

"Kadzo, kuna maji?"

Nikampa chupa yangu. Akanywa, akanirudishia. Akasema, "Mtoto alikuwa anapenda sana muhogo," akapanda pikipiki.

Garini nilikuuliza Tsawe amesema nini. Ukanijibu, "Mama, yamebaki kule." Nilikununia kwa majuma. Niliona kama kila mtu amepewa baba yangu isipokuwa mimi. Leo nakuambia ahsante. Ulikuwa na neno ambalo mama yako alilitaka sana, ukalishika. Usiniambie hata nikizeeka nikakubembeleza, na nitakubembeleza, unanijua.

Sasa nifike kwenye kilichonikosesha raha.

Tulidhani baada ya kaya ungerudi nyumbani. Hukurudi. Charo alinyamaza, na mkewe alianza kumsalimu Tsawe, lakini wale vijana hawakunyamaza kabisa. Wakipita na pikipiki wanapiga honi mbele ya ua, wanacheka, wanaondoka. Basi wewe ukawa umehamia. Mwanzoni nilijivunia. Niliwaambia watu sokoni, mwanangu analala kwa babu yake, anamlinda. Kisha mwezi wa nne nilikuja kufua mablanketi, nikainua godoro lako, nikakuta panga.

Si la shamba. La shamba lilikuwa nje kwenye ukuta. Hili lilikuwa limenolewa mpaka linang'aa, limefungwa kwenye kitambaa cha shati langu mimi la zamani.

Nililirudisha pale pale nikatandika godoro. Watu wanadhani naogopa kwamba watakuja wakukute umelala. Kahindi, mimi naogopa watakukuta uko macho. Naogopa siku moja kijana mpumbavu wa miaka kumi na saba, mtoto wa ndugu yangu mwingine, atapita kwenye ua ule kwa upumbavu wake tu, na wewe utakuwa umechoka na una hofu na una panga. Naogopa kukutembelea gerezani. Naogopa mama mwingine aje kukaa matangani pale Charo alipokaa, na safari hii muuaji awe kweli ametoka kwetu. Tsawe alisimama kaya akasema mikono yake ni safi. Nataka na yako ibaki hivyo.

Ndiyo maana nataka uende. Si kwa sababu ya elimu, ingawa elimu ni nzuri. Umekaa mno kwenye mlango ule. Kijana wa umri wako akikaa sana akimngoja adui huanza kumtamani aje. Nimekuona Jumapili moja mbwa alipobweka: uliinuka haraka, na usoni mwako sikuona woga.

Huko utakapofika watakutania. Watasikia lafudhi yako, watakuuliza kama umeletwa na jini au umekuja na basi, kama kwenu watu wanaruka na ungo. Utakuwa na hasira, na una haki. Lakini usigombane nao, na usicheke nao ili wakupende. Waambie babu yako ana utani kuliko wao. Hiyo ni kweli.

Na ukimkumbuka Mbeyu, mkumbuke kama mtoto aliyekufa kwa homa kwa sababu zahanati ilikuwa mbali na pikipiki haikupatikana. Umekwenda kusomea uuguzi. Sitaongeza neno hapo.

Uliniuliza jioni hii, "Mama, baba akirudi Marereni, nani atalala kule?" Nikasema tutaona. Nilikudanganya, nilikuwa nimeshaona. Baba yako yuko na Tsawe tangu juzi na tumekubaliana yote. Sidi atakaa na shangazi yake hapa Gede mpaka shule zifungwe, kisha atanifuata. Kibanda nimekiachia yule msichana ninayemfundisha kushona. Kule Vitengeni watu nao huvaa sare za shule, na wa kwanza kuniagiza ni mke wa Charo, amenitumia ujumbe kwamba yule mdogo wake Mbeyu anaanza darasa la kwanza na sketi za dukani zinampwaya. Nimemwambia amlete nimpime mwenyewe. Nitaweka cherehani pale pale barazani mbele ya ua, wakipiga honi nitawapungia mkono. Wale vijana nimewafunga nepi mimi. Kama wanataka kumchoma baba yangu, waje mchana waniamkue kwanza, "shikamoo shangazi," halafu tuone kama watapata nguvu ya kuwasha kiberiti.

Huenda wakaipata. Sikudanganyi. Ikiwa hivyo, utapigiwa simu, na nakuomba kwa maziwa uliyonyonya, usiulize ni nani. Uliza tumelazwa wapi, uje utuzike vizuri, urudi shuleni.

Lile panga nilimwomba baba yako alitoe chini ya godoro. Ameshalipeleka shambani.

Kesho usinitafute stendi. Basi lako linapita Gede saa moja, na gari langu la Vitengeni linaondoka kabla hakujapambazuka vizuri, na cherehani iko juu yake tangu jioni. Chai iko kwenye chupa. Nimekuangalia ulivyolala, nimekubusu kwenye paji la uso, ukasema kitu sikukielewa. Nilipanga kukuamsha nikuage. Nikajua ukinishika mkono utaniambia ngoja, mama, tusubiri muhula mwingine, na mimi jinsi nilivyochoka nitakubali.

Basi nimetangulia kuondoka mimi, ili hapa nyumbani pasiwe na mtu wa kukubakisha.

Mamako,
Kadzo